Mchele Mweupe na Mtoto Aliyelia Kimya

Kuna wiki tatu za ujauzito wangu ambazo sina. Nikizitafuta sizipati. Ninazo za kusimuliwa tu, na wanaonisimulia hawaelewani. Mume wangu Maduhu anasema nilianguka mlangoni siku ya Jumatano. Jirani yetu Mama Swaumu anaapa ilikuwa Ijumaa, kwa sababu wanaume walikuwa wanatoka msikitini na mmoja wao ndiye aliyenidaka. Mimi niliyeanguka ndimi nisiyejua.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki, binti mmoja mwenye mimba changa aliniambia hali kitu ila wali na chai ya rangi, vingine vyote vinarudi. Akaongeza kwamba nyayo zinamuwaka moto. Nilimkamata mkono ghafla mpaka akashtuka. Nilitaka kumweleza, maneno yakanijia yote kwa mpigo, na alipoitwa ndani alikwenda akinigeukia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia mgonjwa wa akili. Basi haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Naitwa Kabula. Ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Buzuruga, nyuma kidogo ya stendi, na nashona zaidi sare za shule. Nimeolewa na mtu wa Magu, na huko Magu mama mkwe wangu ana mashine ya kukoboa mpunga. Ameiendesha tangu alipofiwa na mumewe, miaka zaidi ya ishirini, amesimama ubavuni mwake bila kuziba masikio. Mashine imemla usikivu. Sikio moja limekufa kabisa, la pili linasikia ukipiga kelele. Akiongea na mtu humkazia macho mdomoni. Na hiyo mashine yenyewe haisikilizi kwa masikio, bali huweka kiganja juu ya bati lake, akatulia kidogo, kisha akasema imewaka, au mkanda umelegea, au leo iko sawa. Hajawahi kukosea.

Mchele wake ndio fahari ya ukoo ule. Wateja anawakoboa wanavyotaka, lakini wa kula watoto wake anaupitisha mara mbili, ukatoka mweupe wa kung'aa, bila chuya hata moja. Nilipopata mimba, ya kwanza baada ya miaka minne ya kuulizwa maswali na kila mtu, alinitumia gunia lililopitishwa mara tatu. Aliyelileta alitumwa na ujumbe wa mdomo: mkamwana wangu asile ugali, ugali tulikula sisi. Nililia kwa furaha juu ya lile gunia. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu kamili katika nyumba ile.

Mimba iliingia wakati mpunga unaanikwa, na kabla haujatoka kwenye maturubai nilikuwa nimeshalala chini. Wengine hutapika asubuhi, mimi nilitapika wakati wowote. Mama Swaumu akikaanga dagaa upande wa pili wa ukuta, nilikimbilia ndoo. Maharage sikutaka hata kuyaona yamelowekwa. Uji wa ulezi ulipanda kabla haujashuka. Mayai, ambayo pengine yangekaa, shangazi zake Maduhu walikuwa wameyapiga marufuku mapema, mtoto asije akazaliwa kipara. Ukabaki wali. Niliuosha mchele wa mama mkwe mara nne, mara tano, hadi maji yawe maangavu, ndivyo nilivyofundishwa nyumbani. Nikaupika kwa maji mengi, nikayamwaga yaliyobaki, nikala vijiko vichache kwa chai ya rangi yenye tangawizi. Ukakaa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wali ule. Nilipiga simu Magu nikapaza sauti, "Mama, ni mchele wako tu unaokubali!" Alicheka kwa raha, nikamsikia akimweleza mtu aliyekuwa pembeni yake, huku bado anacheka.

Kiangazi kikakatika, mvua za vuli zikaanza. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Siku moja nilikanyaga, gurudumu halikuzunguka, nikainama kutazama. Mguu wangu ulikuwa pembeni, juu ya sakafu, unakanyaga sementi, na sikuwa nimehisi tofauti yoyote. Nilicheka, nikamwita Maduhu aje aone kioja. Wiki ile ile nyayo zikaanza kuwaka, kisha ganzi ikapanda hadi magotini. Nikaambiwa ni mimba. Tundu la sindano likawa mawili, nikawa nachomeka uzi kwenye lile lisilokuwepo. Ni mimba hiyo. Nikatembea nimetanua miguu huku nashika kuta, mpaka mama mmoja wa pale stendi akamuuliza Mama Swaumu tangu lini nimeanza kunywa.

Kuanzia hapo kumbukumbu ni za kuazima. Maduhu anasema alinipeleka zahanati moja ya mtaani, wakapima malaria wasiione, wakaniwekea dripu ya maji ya sukari nipate nguvu. Siwalaumu, ingawa baadaye niliambiwa sukari ile ndiyo iliyonizidishia. Maduhu mwenyewe ndiye aliyewabembeleza, maana kwetu mgonjwa akirudi bila dripu watu husema hajatibiwa. Kesho yake sikumtambua. Nilimwita "mteja", nikamwambia suruali yake bado haijawa tayari, arudi Jumamosi.

Hospitali kubwa, wananiambia, nilikuwa na maneno mengi. Nilimweleza sista kwamba asubuhi ile nimetoka Magu, nimeshona sare kumi na mbili, nimepitia Bujora kwenye ngoma, nimekula sato na ndugu zangu. Kumbe ni siku ya nne nimelala kitanda kile kile. Naomba lieleweke kwamba sikuwa nadanganya. Kichwa kilikuta tundu, kikashona kiraka kwa kitambaa kilichokuwa karibu. Hata leo ile ngoma ya Bujora naikumbuka, naona vumbi, naona kilemba chekundu cha mchezaji mmoja, na najua haikuwepo. Maumivu yamesahaulika, ila jambo hilo bado linanitisha. Nikikumbuka kitu kizuri huwa najiuliza kwanza kama kilitokea.

Shangazi walitaka nitolewe wodini nipelekwe kwa mtaalamu wa mambo ya ukoo. Maduhu alikuwa karibu kukubali. Siku hiyo hiyo daktari, dada mmoja mwembamba mwenye haraka, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Mke wako anakula nini?"

"Anakula wali, daktari," Maduhu akajibu kwa majivuno. "Mchele wa kwetu wenyewe. Umekobolewa mara tatu."

"Na nini kingine?"

"Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi. Maziwa anatapika."

"Tangu lini?"

Maduhu akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Anasema alipofika kidole cha nne, daktari alikuwa ameshatoka kwenda kufuata sindano mwenyewe.

Zilikuwa sindano za vitamini, ile inayoitwa B1. Sitajifanya najua inavyofanya kazi mwilini. Najua tu kwamba baada ya siku chache macho, yaliyokuwa yakichezacheza yenyewe, yalitulia, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka kwa kichwa changu mwenyewe ni karanga za kuchemsha. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye jina lake sikulishika, alikuwa akizibambua na kunitilia mdomoni moja moja, huku anamsema mkwewe kwa mtu mwingine. Zilikuwa za moto na zina chumvi. Sikutapika. Nilimuuliza ni mwezi gani, akanitajia, nikadhani ananitania.

Tulirudi nyumbani na pakiti za vidonge. Nikavimeza hadi vikaisha, na Maduhu akamwambia kila aliyekuja kunijulia hali, "Amemaliza dozi." Ndivyo tulivyoelewa. Dawa ikiisha, ugonjwa umeisha, kama malaria. Kutapika kulikuwa kumepungua, nikaweza kula hiki na kile. Miguu ilibaki na ganzi kidogo. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ya mashaka, kwa hiyo nikaanza kuandika kila kitu kwenye daftari la vipimo vya wateja: kiuno, kifua, mabega, na pembeni, "leo nimefua", "Maduhu amesema atachelewa". Aliyelifungua angedhani mabega ya wateja na ndoa yangu vyote vinashonwa kwa oda.

Nyamizi alizaliwa masika yakiwa yamekolea. Alilia kabla hajatoka vizuri, kilio cha kifua kipana, mkunga akasema huyu kwaya imempata. Mama alikuja kutoka Magu, akakaa wiki moja, akarudi kwenye mashine yake, akatuachia gunia. Wiki zile za mwanzo Mama Swaumu alinipikia mtori na supu, Mungu amzidishie. Baadaye kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Maharage nilikatazwa yasimpe mtoto chango kupitia ziwa. Mboga zilinishinda, hamu ya kula ilikuwa imenitoroka tena, na wali mkavu kwa chai ya rangi ulikuwa rahisi, mkono mmoja unakula na mwingine umeshika mtoto. Hata sikuona kwamba nimerudi pale pale.

Nyamizi alipofikisha miezi mitatu, sauti yake ikakwaruza. Mafua, walisema. Wiki iliyofuata ikawa nyembamba, inakatika katikati. Kisha siku moja nilimlaza kwenye kitanda nifungue khanga, nikamwona amekunja uso, amefumba macho, mdomo wazi kabisa, tumbo linapanda na kushuka. Alikuwa analia. Hakukuwa na sauti yoyote.

Niliinamisha sikio hadi mdomoni mwake, nikasikia pumzi tu. Nikapiga kofi la mikono yangu miwili kujua kama nimekuwa kiziwi. Nikasikia kofi. Nikasikia na redio ya Mama Swaumu. Nilichukua daftari nikaandika chini ya vipimo vya sketi: "Leo amelia, sikusikia."

Maduhu aliporudi nilimwambia. Mtoto alikuwa ameshalala. Alimtazama, akanitazama mimi, na katika macho yake nikaona ule upole aliokuwa nao wodini, nilipokuwa namwambia suruali yake haijawa tayari.

"Umepumzika leo?" akaniuliza.

"Maduhu, mtoto hana sauti."

"Mtoto amelala, Kabula."

"Alipokuwa macho hakuwa na sauti."

"Haya," akasema, akanishika bega. "Haya, mama."

Nilimchukia usiku ule na kesho yake pia, nasema ukweli. Lakini nilimwelewa. Mtu aliyekusimulia ngoma ya Bujora kwa kuapa, halafu akuambie mtoto analia bila sauti, utamwaminije? Na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Nyamizi alishinda mgongoni mwangu, uso hauonekani, kimya, na kibandani kila mteja alimsifu. Mtoto mpole huyu. Mtoto hana usumbufu. Mama Swaumu, aliyelea watoto sita wenye makelele, alisema, "Wewe umebahatika, acha kumtafutia ugonjwa." Kliniki walimpima uzito, ukawa mzuri, alikuwa mnene, mashavu yamejaa. Nikasema hana sauti, akaangaliwa koo, nikaambiwa atapona mafua. Nikachukua kadi nikaondoka. Njiani nilijiuliza kama kweli nimetoka kliniki, nikafungua kadi kuangalia muhuri. Ulikuwepo.

Siku kumi na moja nilikaa hivyo. Daftari linazo zote. "Amelia mara tatu, sikusikia." "Amelia, midomo ya kijivu." "Hanyonyi sana." Na siku moja niliandika tu, "Labda ni mimi." Nilikuwa namwogopa mwanangu. Kila akifumbua mdomo niligeuka upande ili nisione, kwa sababu nisipoona, sikuwa kichaa. Hilo ni gumu kuliandika, lakini kama kuna mama analifanya leo, ajue hayuko peke yake.

Mavuno yalipoisha Magu, Mama akaja. Alishuka stendi na mzigo wa mchele mpya, Maduhu akamleta. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," akaniitikia, "Marahaba mwanangu, mbona umekwisha?" kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasiojisikia. Akamtoa Nyamizi mgongoni mwangu, akakaa naye kizingitini, mahali penye mwanga. Mimi nikaenda kuinjika chai. Maduhu alikuwa anamweleza habari za nyumbani kwa kupaza sauti.

"Subiri," Mama akamkatiza. "Kwa nini mnamwacha mtoto analia?"

"Nani analia, mama?"

"Huyu."

"Halii! Amenyamaza! Ni mpole sana huyu!"

"Mpole gani? Maduhu, wewe unatazama wapi? Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine, lakini macho ninayo. Mtoto huyu tangu nimemshika analia. Tazama kidevu. Tazama tumbo. Analia mpaka amechoka."

Nilitoka na sufuria mkononi. Nilisimama mbele ya Mama ili auone mdomo wangu, nikasema, sidhani kama nilipaza sauti hata kidogo, "Mama, kwani na wewe unaona?"

"Naona. Kwani nyie hamwoni?"

Nikakaa chini pale pale na sufuria langu, nikalia kwa kelele ambazo hata yeye alizisikia. Maduhu alipiga magoti mbele ya mwanawe, akasogeza sikio mdomoni, kama nilivyofanya mimi. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umebadilika. "Kabula alisema," alimwambia mama yake. "Alisema, na mimi sikumsikiliza." Hakuniomba radhi siku hiyo, alikwenda mbio kutafuta bajaji.

Hospitali tulikaa kwenye benchi ambalo Maduhu anasema ndilo lile lile la siku za mimba, chini ya saa iliyosimama. Nyamizi alikuwa anahema haraka haraka, miguu imevimba, ule unene wote tuliousifu kumbe mwingine ulikuwa maji. Sista akalitafuta faili langu la zamani, akalisoma kwa kufuata mistari na kidole, akanitazama.

"Si wewe tulikuambia usirudie wali mtupu? Tukakuambia ule maharage, karanga, mayai, dagaa, na ukijifungua urudi tukuangalie?"

"Mliniambia mimi?"

"Wewe mwenyewe. Ulikaa hapo. Ukaitikia."

"Na mimi nilikuwa wapi?" Maduhu akauliza.

Baadaye tulikumbushana kwamba siku ya kuruhusiwa yeye alitoka kutafuta bajaji, akachelewa. Dakika zile ndizo nilizopewa maelekezo yote, kwa upole na kwa ukamilifu, mimi ambaye sikujua ni mwezi gani. Hakuna mtu aliyekosea kwa makusudi, na mtoto alikuwa anakaribia kufa.

Walituchoma sindano wote wawili, mimi na mtoto. Kisha Mama, aliyekuwa anafuata midomo yetu kwa taabu, akamuuliza sista, "Ni wali ndio umefanya hivi?"

Sista alijaribu kumjibu kwa utaratibu, hakusikia. Akajaribu tena. Mwisho ikabidi apige kelele, na wodi nzima, akina mama kumi na kitu na watoto wao, wakanyamaza kusikiliza.

"Siyo wali, mama! Ni kuukoboa sana, na kuula peke yake! Vitamini iko kwenye lile ganda la ndani! Inaondoka na pumba!"

"Pumba tunawapa kuku."

"Ndiyo, mama!"

"Kuku wangu wanene," akasema Mama. Alijifunika khanga kichwani, akakaa na mikono mapajani. Nilitaka kumwambia kwamba lile gunia lilinifanya nijione mtu, kwamba sina kinyongo. Lakini ningelazimika kulipigia kelele mbele ya wodi nzima, nikashindwa.

Jioni ile Nyamizi alinyonya kwa nguvu mpaka nikashangaa. Kesho yake Mama hakuja. Maduhu alisema ameamka alfajiri, amepanda gari la Magu bila kuaga. Siku ya pili pia hakuja. Shangazi mmoja alipiga simu kusema Mama hali chakula, na kwamba nimemwaibisha mkwe wangu mbele ya watu. Nilikaa kwenye kile kitanda mtoto akiwa anapata nafuu na roho yangu inazidi kuvurugika. Sikuelewa nimlaumu nani. Aliyenipenda kuliko wote ndiye aliyeniletea njaa ndani ya gunia, na asiyesikia ndiye aliyemsikia mwanangu. Nilijaribu kuyaweka mambo haya mawili pamoja, yakakataa, na mpaka leo ninapoandika bado hayajakaa sawa.

Siku ya tatu Mama aliingia wodini na kikapu. Ndani mlikuwa na mayai ya kuchemsha, choroko, karanga mbichi, na chini kabisa, amefunika kwa khanga, mfuko wa mchele. Aliufungua upande wake tu, akiangalia huku na huku. Ulikuwa na rangi ya udongo mkavu.

"Nimekoboa mara moja, kidogo tu," alisema, na kwa kuwa alidhani ananong'ona, kila mtu alisikia. "Ule wewe. Usimpikie mgeni, watatucheka." Kisha akavunja yai kwenye ukingo wa kitanda, akalimenya, akanipa. "Na kipara kitaota nywele. Kula."

Nikala. Nilicheka na yai mdomoni, na yeye akaniangalia mdomo kuhakikisha nameza.

Dada yangu wa kwenye benchi, kama unasoma: mimi si daktari, na sikuambii uache wali. Bado naula, pamoja na choroko. Nakuambia usikae kimya ukitapika wiki kwa wiki, na miguu ikiwaka usikubali jibu la "ni mimba" peke yake. Ukienda hospitali, taja unachokula na usichokula, hata kama hujaulizwa. Mchukue mtu wa kukusikilizia maelekezo, asitoke nje. Na wewe uliye mume, jirani, shangazi, mtoto akisifiwa kwa kimya, mtoe mgongoni umtazame uso.

Tuliruhusiwa Nyamizi akiwa hana uvimbe, ananyonya, anacheka, lakini bado hana sauti. Sista alisema sauti huchelewa. Mama alikataa kurudi Magu, akamwachia mpwa wake mashine. Wiki moja ikapita. Nilikuwa naandika kila siku, "Bado."

Ilikuwa asubuhi, Maduhu ameshatoka, Mama Swaumu ameenda sokoni. Tulikuwa wawili uani, tunamwogesha Nyamizi kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa, akakunja uso, akafumbua mdomo. Nikasikia kitu, chembamba, kinakwaruza. Nikaangalia mlango kama una bawaba inayolia. Ulikuwa umefungwa.

"Mama," nikamshika Mama mkono aniangalie. "Nasikia sauti yake. Au nadhani tu? Niambie."

Akautazama mdomo wa mtoto muda mrefu. Akatikisa kichwa, kwa sababu kwake Nyamizi alikuwa analia vile vile kama siku zote. Mwenye masikio alikuwa mimi, ambaye kichwa changu sikiamini, na mwenye kichwa kizima hakuwa na masikio.

Mama akafuta kiganja chake kwenye khanga. Akakiweka juu ya kifua cha Nyamizi, chote kikaenea, akafumba macho, akatulia.

"Imewaka," akasema.